Sauti Mbili Redioni

Jumatatu, 10 Juni

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Birika la kazini limeungua. Limetoa moshi, likanuka, likafa. Meneja anasema tuchange tununue jingine — tuchange mimi na nani? Huku juu niko peke yangu na redio. Labda nichange na redio!

Yule mbwa wa madoadoa kaingia tena uwanjani, pale ndege zinapotua. Nimeshuka ngazi, nimemfukuza, nimepanda ngazi. Magoti yanalia. Watu wakikitazama hiki chumba cha vioo kutoka chini wanadhani nakaa peponi. Waje wapande wao.

Mwalimu amerusha wanafunzi tangu asubuhi. Jina lake halisi hakuna anayelitumia hapa uwanjani. Nusu ya marubani wa ndege ndogo tunaowajua wamepita mikononi mwake. Wa mwisho leo alikuwa Kidege, binti wa fundi bomba. Ni mdogo wa umbo, jina tumempa sisi, naye kalipenda hadi kalishona kwenye begi lake. Mwalimu anasema mwezi huu atamwachia ndege aruke peke yake.

Kabla ya kuruka Kidege alisema ahadi yao redioni, kwa sauti ya mtoto anayekariri shairi: "Ikizima, mbele." Nami nikamjibu, "Mbele." Huu ni utaratibu wa Mwalimu, sijausikia kwingine. Injini ikizima wakati ndege bado iko chini, usigeuke kuutafuta uwanja. Nenda mbele ukatue popote, hata shimoni. Ndege isiyo na injini ukiipindisha ikiwa chini inaanguka tu. Mwalimu anasema kila rubani analijua hilo, na bado wapo wanaogeuka. Ndiyo maana anawatamkisha kila safari. Hata yeye mwenyewe, na mvi zake zote, hutamka. Na sisi mbele yetu hakuna hata shimo: kuna shamba la alizeti, limeshavunwa, jeupe kabisa, mpaka mtaa mpya kule mbali.

Jioni Mwalimu alipokuwa anatua: "Narudi, dada." "Karibu." Kila anayesema anarudi namjibu karibu. Mdomo umezoea, sidhani kama kichwa kinahusika.

Mama mdogo kaniwekea chakula, halafu kasahau, kala yeye. Amesema nitamlaani. Nimemwambia sina nguvu.

Jumanne, 11 Juni

Wamekufa. Mwalimu na Kidege.

Naandika maneno kama yalivyosemwa, maana bado nayasikia na naogopa yatanibadilikia.

Waliruka vizuri. Kidege ndiye aliyeshika usukani, na redio ilikuwa yake. Walipovuka mwisho wa uwanja mlio ukakatika. Kimya. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani.

Kidege: "Injini imezima. Naenda mbele." Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Kisha Mwalimu: "Nachukua mimi. Narudi."

Na mimi: "Karibu."

Karibu! Ndivyo nilivyosema.

Bawa moja likalala. Ikapinda, haikumaliza kupinda. Imeanguka nje ya ua, kwa wafyatua matofali. Wenyewe walikuwa wamekwenda kula.

Siwezi tena leo.

Jumatano, 12 Juni

Uwanja umefungwa. Nimekwenda kazini hata hivyo, nikakaa mbele ya redio isiyosema kitu. Chini polisi wamezungushia kamba, vijana wanachungulia, mtu mmoja alikuwa anauza karanga. Sikumchukia. Watu wanakula.

Meneja kapanda, anahema. Nikafungua mdomo nimwambie nilichosikia, akanyoosha kiganja kama askari wa barabarani. Hataki kujua! Wachunguzi wanakuja wiki ijayo, niwaambie wao, yeye asije akaambiwa kanifundisha la kusema. Nikamuuliza kuhusu mashine ya kurekodi. Akatazama viatu vyake. Mashine iliharibika mwaka juzi, fundi aliitwa, na mpaka leo fundi huyo yuko njiani. Kwa hiyo hakuna kanda. Hakukuwa na ndege nyingine angani. Kuna masikio yangu, basi.

Baada ya kazi nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Viti vya plastiki mpaka barabarani. Mkewe yuko chumbani, kakaa ukingoni mwa kitanda, wanawake wamemzunguka. Mwalimu aliniita dada miaka yote, kwa hiyo huyu ni wifi yangu, tumegombana na kupatana kama mawifi wengine wowote. Aliponiona akanishika mkono. Kanishika hasa. Akasema, wifi, wewe ndiye wa mwisho kumsikia, alisema nini?

Wanawake wote wakanigeukia. Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni.

Nikasema: "Alisema, mbele kuna nyumba za watu. Nageuka."

Sijui nimelitoa wapi! Naapa sijui. Nilikuwa nimechoka mwili mzima. Nilitaka aniachie mkono, nilitaka kwenda kulala. Ningesema "alisema narudi" angeniuliza kwa nini arudi, yeye aliyewakataza wenzake maisha yake yote. Sikuwa na jibu. Hata sasa sina.

Kilio chake kikabadilika, kikawa laini. Akasema, huyo ndiye yeye. Na wanawake wote wakasema ndiye yeye kabisa, ndiye yeye. Wakanipisha nipite kama niliyeleta dawa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mama mdogo kaniuliza kama nimekula. Nimemwambia ndiyo. Uongo wa pili kwa siku moja.

Alhamisi, 13 Juni

Neno langu limenitangulia kila mahali. Mama mdogo kaletewa na jirani leo asubuhi, tena limenona: eti Mwalimu alisema redioni, acheni nife mimi wasife watoto wa mtaa mpya! Wametia chumvi mpaka mboga haiwezi kulika.

Nikamwambia Mama mdogo kwamba hakusema hivyo.

"Sasa alisemaje?"

Nikavaa viatu nikaondoka.

Langoni kwetu watu wa mtaa mpya wameweka maua na kipande cha boksi: ASANTE MWALIMU, TUPO HAI KWA AJILI YAKO. Mlinzi kakiegemeza vizuri kisianguke. Nimepanda juu nikatazama dirishani. Mtaa mpya ule pale, mapaa yake yanang'aa kwa mbali. Na katikati, shamba. Shamba lote lile! Hata basi lingetua pale. Hakuna mtu anayelitazama, macho yote yako kwenye maua.

Nimejiambia: umemnyang'anya nani? Hujamnyang'anya mtu. Mjane kapata pa kushika, watoto wamepata baba wa kujivunia, Mwalimu yuko mbinguni anacheka. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Ijumaa, 14 Juni

Tumemzika Mwalimu. Umati! Wanafunzi wake wa zamani wamekuja na sare zao, wengine vitambi vimeshinda vifungo. Meneja kavaa miwani ya giza na kusoma hotuba. "Aligeuza ndege kwa makusudi, akijua anakoelekea." Watu wakaguna kwa pamoja. Mimi nilitazama chini. Wifi alinitafuta kwa macho, akanipata, akainamisha kichwa kidogo. Shukrani. Nilitamani ardhi inimeze kwanza, kabla ya jeneza.

Hayo ningeyabeba. Lakini baadaye, pale kwenye bomba watu wananawa mikono, fundi wa injini alikuwa anaongea. Anaongea sana tangu Jumanne, maskini, maana injini ni yake na anajua wachunguzi wataanza naye. Akasema injini yake ilikuwa nzima, yeye anaijua kama mkewe. Sasa injini nzima inazimaje? Mwanafunzi kagusa kitu. Ndiyo, mwingine akasema, si Kidege ndiye aliyeshika usukani? Kashtuka, kafanya madudu, Mwalimu kanyang'anya ndege, kaokoa nyumba, yeye mwenyewe kashindwa kujiokoa. Mwingine akaongeza habari za wanawake na usukani. Wakacheka kidogo, kimsibani, mkono mdomoni.

Mpaka tunatoka getini ilikuwa imeshakuwa habari kamili. Mwalimu shujaa, Kidege mkosaji. Nilikuwa nimesimama na soda yangu mkononi, imechemka kwa jua, na sikufungua mdomo. Mtu pekee mwenye sauti ya yule mtoto kichwani. Naenda mbele, alisema. Alifanya kama alivyofundishwa! Alifanya sawasawa, na mimi nimesimama na soda.

Jumamosi, 15 Juni

Leo Kidege.

Watu wachache. Wanafunzi wenzake wawili watatu, majirani, shangazi yake. Meneja katuma salamu kwamba kichwa kinamuuma. Fundi wa injini hakutuma hata salamu. Hakuna sare, hakuna hotuba. Begi lake lilikuwa juu ya kiti, lile lililoshonwa KIDEGE, sijui nani kalileta.

Baba yake ni mtu mrefu, kimya, mikono mikubwa ya kazi. Mkewe alifariki binti akiwa mdogo, huyu mtoto ndiye alikuwa nyumba nzima. Nilikuwa nyuma yake tulipokuwa tunafukia. Upande wa kushoto mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, na kunong'ona kwenyewe kulikuwa kwa mtu asiyejua kunong'ona: "Huyu ndiye aliyemuua Mwalimu."

Mzee alisikia. Sikuuona uso wake, niliona shingo. Ilikakamaa. Akaendelea kufukia.

Nilipompa pole aliniuliza, wewe ndiye mama wa redio? Nikasema ndimi. Akasema atanitembelea. Nikamjibu karibu.

Jumapili, 16 Juni

Nimelala mchana kutwa. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Tumegombana na Mama mdogo. Anasema tangu Jumanne nanuna kama nimeibiwa, nimwambie kinachonisumbua. Nikamwambia. Yote. Akazima televisheni — hajawahi kuizima kwa ajili yangu! Akakaa. Kisha akasema, "Umempendezesha mmoja umemvua nguo mwingine." Nikamwambia najua. "Unajua halafu?" Nikamwambia aniache. Akawasha televisheni, sauti ya juu kabisa.

Jumatatu, 17 Juni

Kaja. Baba yake Kidege. Mlinzi alimzuia, uwanja bado umefungwa, mzee akakubali kungoja. Kumbe kwenye kungoja huko akasikia bomba la choo cha chini linavuja — linavuja tangu mwaka jana — akashindwa kuvumilia. Katoa spana kwenye mfuko wake, kalikaza. Mlinzi kaona aibu, kamruhusu apande.

Alikaa kwenye kiti cha ziada, kofia magotini. Akatazama redio muda mrefu.

"Mama, samahani kukusumbua. Nina swali moja tu. Ukishindwa, niambie umeshindwa."

"Uliza, baba."

"Nyumbani alikuwa anasema lile neno lenu. Ikizima, mbele. Anaosha vyombo, anasema. Anafunga mlango, anasema. Mpaka nikamwambia, mwanangu, utanitia wazimu. Sasa mtu anayesema hivyo kutwa kucha, siku yenyewe ikifika atafanyaje madudu?"

Nikamwambia, "Baba, wachunguzi wanakuja keshokutwa." Jibu la ofisini! Kwa mtu aliyezika juzi!

"Sikuulizi habari za wachunguzi. Nakuuliza wewe uliyesikia. Mwanangu kaua mtu?"

"Hapana."

Akaniangalia. Macho mekundu, lakini makavu.

"Hapana ya kweli, au hapana ya kunituliza? Maana za kunituliza ninazo nyingi."

Na mimi nikashindwa. Nilikuwa na maneno yote hapa kooni, mawili matatu tu, naenda mbele, nachukua mimi. Nikaona uso wa wifi ulivyolegea siku ile, nikaona watoto mlangoni, nikaona na mimi mwenyewe nikiitwa mwongo wa msibani. Nikasema, ni hapana ya kweli, baba, lakini nitaieleza siku ya wachunguzi. Akainuka. Akavaa kofia. Hakuniomba zaidi. Angenitukana ningepumua.

"Basi siku hiyo nitakuwa hapo chini," alisema. "Ukimaliza kueleza, uniite nisikie na mimi."

Bomba la choo halivuji tena. Nimeingia mara mbili leo kuhakikisha. Sijui natafuta nini.

Kabla sijafunga, Meneja kapiga simu. Sasa anataka kujua, tena anajua! "Ile ya nyumba za watu, dada yangu, uiseme kama ulivyoisema. Imekaa vizuri. Imeinua jina la kiwanja." Nikamuuliza nani kamwambia mimi nilisema hivyo. "Mji mzima," akasema. Nikamuuliza na mwanafunzi je. Akasema mambo ya mwanafunzi yataamuliwa na wataalamu. Yaani yamekwisha kuamuliwa.

Jumanne, 18 Juni

Wiki moja leo.

Nilipiga moyo konde nikaenda kwa wifi. Viti vimerudishwa, ua umefagiwa, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Alikuwa anakunja nguo za Mwalimu, mashati meupe ya kazi, anayapanga juu ya meza. Watoto shule. Akanikaribisha jikoni, akanipa kisu na vitunguu bila kuniuliza. Nikamenya. Ni afadhali mtu kuongea mikono ikiwa na kazi.

Nikaanza: "Wifi, lile neno nililokwambia —"

"Usiniambie."

"Lazima nikwambie."

"Nimesema usiniambie. Nalijua." Akaweka shati chini. "Wewe unadhani nimeishi na nani? Mwalimu akiwa angani haoni nyumba ya mtu. Anaona uwanja tu. Hata tukiwa garini anaendesha huku anaangalia pa kutua. Nilijua palepale, mkono wako ulikuwa wa baridi."

Kisu kikanikata kidogo. Si kidonda.

Akasema Mwalimu alikuwa anamwambia, hapa hapa jikoni, nawafundisha wasigeuke kwa sababu mimi mwenyewe sijui siku yangu nitafanya nini. Alisema mtu akiwa juu, injini ikifa, uwanja ulio nyuma unamwita kama nyumbani. Kila siku alisema ahadi yake, na kila siku aliogopa. Wanafunzi wake hawakujua, mimi sikujua. Mkewe ndiye alijua.

"Lakini watoto walikuwa mlangoni," akasema. "Wamesikia, wameenda nalo shule. Yule mdogo mwalimu wake kamsimamisha mbele ya darasa wampigie makofi. Unataka nimvue?"

Nikamwambia, wifi, wanasema yule binti ndiye aliyekosea. Nikamwambia alichosema Kidege redioni, neno kwa neno. Na alichosema mumewe. Sikumwachia kitu. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Yule mtoto si amekufa? Maneno hayamuumi."

"Baba yake hajafa."

Akalichukua lile shati, akalikunjua, akalikunja upya. Alikuwa analia lakini mikono haikusimama. Alisema Mwalimu alimpenda yule binti, alisema atakuwa rubani kuliko yeye. Alisema anajua nitakachofanya, ananijua, nina kichwa kigumu. Alisema nimpe wiki hii tu.

"Ni kesho, wifi."

"Basi fanya unavyotaka. Lakini mimi nisiwepo."

Hakunisindikiza mlangoni. Nilisahau mkoba, nikaona aibu kurudi kugonga mlango, nikaenda zangu. Baadaye kamtuma mtoto aulete nyumbani. Ndani kaweka vile vitunguu nilivyomenya, kavifunga kwenye mfuko. Mama mdogo kaniuliza maana yake nini. Nimemwambia labda havitaki. Labda ananilisha. Sijui, nimechoka kujua.

Jumatano, 19 Juni

Wachunguzi wamefika. Mkuu wao ni mwanamke mfupi mwenye mafua makali, leso mkononi, sauti imekwama puani. Wengine wamekwenda kwenye mabaki na fundi wa injini, nimewaona kutoka juu. Fundi anaonyesha kwa mikono, anainama, anainuka. Mkuu wao kapanda kwangu peke yake. Kasimama dirishani, akatazama uwanja, akatazama shamba. Kalitazama shamba kwa muda! Wa kwanza kulitazama tangu siku ile. Akauliza lilikuwa limevunwa tayari? Nikasema limevunwa. Akapiga chafya, akaandika.

Kisha akakaa, akaniuliza ni maneno gani yalisemwa na nani aliyasema.

Nikamwambia nitayasema yote. Ila kwanza ajue kwamba nimeshadanganya mara moja. Nilidanganya msibani, mbele ya watu, na uongo huo umezunguka mji mzima na kukaa juu ya kaburi la mtu asiyestahili. Kwa hiyo siwezi kuja kuusahihisha kimyakimya, milango imefungwa, halafu nishuke ngazi watu waendelee kunishukuru. Nataka wenye misiba wote wawili wawepo. Baada ya hapo anifanye anachotaka, na Meneja naye anifanye anachotaka.

Akasema sio utaratibu. Nikasema najua, nina miaka mingi ya utaratibu. Akanitazama juu ya leso. Nilidhani atanifokea. Akaniuliza tu kama nimelala jana. Halafu akamwita Meneja, akamwambia awaite.

Sura ya Meneja! Kashuka ngazi. Nimemsikia akipiga simu kule chini, sauti ya asali: mama, wachunguzi wanaomba tu, hulazimishwi, ukiona vigumu usije. Amerudi kasema mjane hawezi kuja. Basi, amesema, tuendelee bila yeye. Mzee alikuwa yuko hapa tangu asubuhi, kwenye benchi la mlinzi, kofia magotini.

Mchunguzi kasema tumpe mjane muda kidogo. Kaomba chai. Nikamwambia birika limekufa. Akacheka, akakohoa. Sasa anasoma karatasi zake, na mimi nimetoa daftari hili mkobani niandike, mikono ipate kitu cha kufanya. Meneja amekaa pembeni, hanitazami. Maneno ninayo. Sauti ya kwanza: injini imezima, naenda mbele. Huyo ni Kidege. Sauti ya pili —

Kuna gari limesimama langoni.

Ni wifi. Kavaa nguo nyeusi zilezile, na mtoto wao wa mwisho kamshika mkono. Mlinzi anataka kumchukua mtoto abaki naye chini. Wifi kakataa. Anakuja naye.

Wamefika kwenye ngazi. Mzee ameinuka kutoka kwenye benchi, amevua kofia. Nasikia anampa pole. Anamwambia ashike chuma, ngazi hizi ni kali. Wamesimama wote pale chini, na mimi nimesimama huku juu, mlango uko wazi, Mchunguzi kainua kichwa. Wifi ameniona. Anajua kila neno nitakalosema, na anajua mtoto atalisikia. Amemwambia mzee kitu, sijakisikia, mzee ameinama ili asikie vizuri.

Sasa amempisha mzee atangulie. Na yeye anapanda nyuma yake, mtoto mkononi.